Kabati la Karatasi na Tundu la Sarafu

Wahenga walinena kuwa ukiona vyaelea, vimeundwa. Methali hii imezoeleka mno katika insha zetu hata wengi wetu huipita bila kuisabahi. Hata hivyo, imebeba busara ya fundi: inamtaka mtazamaji asitosheke na tanga linalopendeza machoni, bali aulize pia habari za mbao, misumari, kamba na kalafati. Katika makala haya ninanuia kuitumia methali hiyo kukitazama kitu ambacho huenda msomaji hakukitarajia katika jarida la wanafunzi wa Kiswahili. Kitu chenyewe ni kabati dogo la karatasi, lenye kimo cha kalamu, linaloiga mashine za michezo ya video zilizotamba katika kumbi na mabaa ya Marekani na Japani katika miaka ya 1970 na 1980.

Kwa faida ya msomaji ambaye hajawahi kuiona mashine hiyo, yenyewe ni kabati la mbao linalokaribia kimo cha mtu mzima. Juu kabisa pana kibao cha jina la mchezo, kinachomulikwa kwa taa kutoka ndani. Chini yake kuna kiwambo kilicholalia nyuma kidogo, kisha rafu yenye kijiti cha kuongozea na vitufe vya kubonyeza. Sehemu ya chini ina mlango mdogo wa chuma wenye tundu la kutumbukizia sarafu. Mbavu mbili za kabati hupambwa kwa michoro. Mchezaji husimama, hutumbukiza sarafu, hucheza hadi ashindwe, kisha hutumbukiza nyingine au humpisha mwenzake. Humu nchini, wengi wa rika langu hatukulelewa na makabati haya. Sisi tuliijua michezo ya video katika vibanda vya mitaani, ambamo runinga iliwekwa juu ya meza, mtambo wa PlayStation ukaunganishwa nayo, na mwenye kibanda akatoza kwa mchezo mmoja au kwa dakika.

Kiolezo cha kabati la karatasi ni mchoro wa mashine hiyo ikiwa imetandazwa bapa kama ngozi ya mbuzi aliyechunwa. Mchoraji huipima mashine, huipunguza, huitia rangi zake halisi, huiongezea vipande vidogo vya kutilia gundi, kisha huwaachia wengine waichapishe na kuiunda. Ufundi wenyewe si wa leo wala jana. Katika karne ya 19, kampuni ya Pellerin mjini Épinal, Ufaransa, ilichapisha karatasi ambazo watoto walizikata na kuunda majengo. Nchini Polandi, jarida la Mały Modelarz limekuwa likiwapa wasomaji wake violezo vya ndege, meli na magari tangu mwaka 1957. Kwa hivyo, kabati letu ni kitukuu katika ukoo mrefu. Tarakilishi na mashine ya kuchapisha zimeirahisisha safari ya kiolezo, lakini wembe, rula na subira ni vilevile.

Nilianza shughuli hii wakati wa likizo moja ya shule kwa ajili ya mpwa wangu mwenye umri wa miaka 11. Wazazi walio na watoto katika mtaala wa umilisi wanajua jinsi nyumba inavyogeuka karakana: karatasi za manila, gundi na maboksi matupu hujaa chini ya meza. Shule zilipofungwa, manila ilibaki. Naye kijana alikuwa ameshikwa na mchezo wa Pac-Man katika rununu ya mamaye, asisikie la mwadhini wala la mteka maji msikitini. Nilitafuta jambo ambalo lingeuunganisha mchezo alioupenda na mikono yake, nikapata kiolezo cha kabati la Pac-Man.

Ufundi huu una kunga zake, na mwenye kuzipuuza hulipwa na kabati lililopinda. Jambo la kwanza ni kipimo. Violezo vingi vimechorwa kwa karatasi ya Marekani, yenye upana wa milimita 216 na urefu wa milimita 279, ilhali karatasi yetu ya A4 ina upana wa milimita 210 na urefu wa milimita 297. Tarakilishi ikiachiwa uamuzi, huupunguza ukurasa ili utoshee. Kurasa zote zikipunguzwa sawa hakuna hasara, lakini ubavu ukipunguzwa na kifua kisipunguzwe, vipande hivyo havitawahi kupatana. La pili ni uzito wa karatasi. Karatasi ya kawaida hulegea, na baadhi ya mashine za kuchapisha huikataa manila. Dawa yake ni kuchapisha katika karatasi nyepesi, kuibandika juu ya manila kwa gundi haba, kisha kuigandamiza usiku kucha. Kamusi ya Kiswahili Sanifu, ambayo kwa kawaida hunifaa kwa maana za maneno, siku hizo ilinifaa kwa uzito wake.

La tatu ni mikunjo. Mstari haukunjwi kabla ya kukwaruzwa. Sisi tulitumia kalamu iliyokauka wino, tukaipitisha kando ya rula kwa nguvu ya wastani ili karatasi ijue itavunjikia wapi. Kuna mkunjo wa mlima, ambao mgongo wake humwelekea mtazamaji, na mkunjo wa bonde, unaozama. Mwenye kuchanganya hiyo miwili huunda kabati lililotazama ndani. La nne ni mpangilio wa kazi. Dirisha la kiwambo hukatwa kabla ya kingo za nje, maana kipande kikubwa hushikika vizuri kuliko kidogo. Mgongo wa kabati hufungwa mwisho, kwa sababu kidole kikishatolewa ndani hakirudi tena. Kingo nyeupe za karatasi hupakwa rangi zisije zikaisuta kazi. Kwa kijiti cha kuongozea, tulichoma kijiti cha meno katika rafu na kukivika ushanga mwekundu kichwani.

Katika kazi hiyo tulijikuta tukihitaji maneno. Maelezo ya kiolezo hayakuwa ya Kiswahili, na mimi nilikataa kumwambia kijana alete “ile kitu ya juu”. Basi tukaanza kutaja. Kibao cha jina kikawa paji. Sehemu ya kiwambo ikawa uso. Chini yake kikafuata kifua, kisha tumbo lenye mlango wa sarafu. Pande mbili zilikuwa mbavu tangu mwanzo, wala hatukushauriana. Vile vipande vidogo vya kutilia gundi tuliviita ndimi, na kazi ya kuvipachika tukaiita kuuma ulimi. Hakuna hata neno moja tulilolibuni. Mwili wa binadamu ulitukopesha msamiati wote. Sisi wanafunzi wa isimu hujadili uundaji wa istilahi kana kwamba lazima kamati iketi. Mezani pale niliona kuwa lugha hupata maneno pale mikono ya wasemaji wake inapokuwa na kazi ya kufanya.

Baada ya Pac-Man tuliunda mashine nyingine mbili, na kila moja ilitufunza jambo ambalo mchezo wa kwenye rununu haukutufunza. Ya kwanza ilikuwa Space Invaders, mchezo uliobuniwa na Tomohiro Nishikado wa kampuni ya Taito nchini Japani mwaka 1978. Katika rununu, mchezo huu ni vijidudu vya nukta vinavyoshuka juu ya usuli mweusi. Katika kabati la kusimama mambo ni tofauti. Mbavuni pamechorwa mazimwi yenye manyoya ambayo hayaonekani popote mchezoni. Isitoshe, kiwambo hakimkabili mchezaji: kimelazwa ndani ya kabati, na taswira yake huakisiwa na kioo kilichoinamishwa, nyuma yake pakiwa na mandhari ya mwezi yaliyochorwa kwa rangi. Kwa mchezaji, vijidudu huonekana vikielea mbele ya mwezi. Tulikata plastiki angavu iliyokuwa jalada la kitabu, tukaiinamisha ndani ya kabati letu, nacho kile kidude cha sentimita 14 kikapata kina ambacho hakipatikani katika rununu.

Ya pili ilikuwa Donkey Kong ya mwaka 1981, kazi ya Shigeru Miyamoto wa Nintendo. Makabati yake ya mwanzo nchini Marekani yalikuwa mekundu, na wekundu huo una historia. Kampuni ilikuwa imepeleka huko mchezo mwingine, Radar Scope, ukakosa wanunuzi. Takriban makabati 2,000 yaliyosalia yalibadilishwa matumbo na mapaji, yakapewa mchezo mpya. Kabati lilikuwa lilelile. Kilichoingia ndani ndicho kilichobadilika. Nitalirejelea jambo hili hivi punde.

Lakini somo kubwa lilitoka katika tundu. Kijana alikuwa akikata mlango wa sarafu wa Pac-Man, kazi inayohitaji ncha ya wembe na pumzi iliyozuiwa, aliponiuliza, “Mjomba, hili tundu ni la nini?” Nikamwambia ni la sarafu. “Sarafu ya nini, na mchezo ni wa bure?” Nikamweleza kuwa nchini Marekani mtu alitumbukiza sarafu ya senti 25, na Japani ya yeni 100, ndipo mashine ikakubali kucheza naye. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, “Kumbe ndiyo maana unapewa maisha matatu tu.”

Msomaji na aitafakari kauli hiyo. Mtoto huyo alikuwa amekufa na kufufuka mchezoni mara zisizo na idadi bila kujua kwa nini ni mara tatu, wala kwa nini mizuka huzidi ukali kadiri mtu anavyoendelea. Jibu halikuwa katika mchezo; lilikuwa katika mbao. Mashine iliwekwa dukani au katika baa ili ichume. Mchezaji mmoja akiimiliki kutwa kwa sarafu moja, mwenye mashine hupata hasara. Akishindwa upesi mno, huondoka kwa hasira na harudi. Mbuni alilazimika kuupitisha mchezo wake katika kijia chembamba baina ya hasara hizo mbili. Ndani ya kabati la Pac-Man mlikuwa na swichi ndogo ambazo mwenye mashine aliweza kuzitumia kupanga idadi ya maisha na idadi ya sarafu. Mashine ya Pong, iliyoundwa na Allan Alcorn wa Atari mwaka 1972 na kuwekwa kwa majaribio katika baa moja mjini Sunnyvale, California, ilikwama baada ya muda mfupi. Ilipofunguliwa, ilibainika kuwa chombo cha kupokelea sarafu kilikuwa kimefurika. Tangu mwanzo, basi, tundu lile ndilo lililoamua umbo la hadithi. Rununu imeyarithi maisha matatu bila kurithi tundu, nayo sheria ya mchezo imebaki kama mwiko ambao asili yake imesahaulika.

Katika darasa la fasihi tunafunzwa kuwa fani na maudhui ni pande mbili za sarafu moja. Tunaikariri kauli hiyo, tunaiandika mtihanini, tunapewa alama. Mimi niliielewa siku ile, kwa hisani ya sarafu isiyokuwepo.

Jambo hili linazua swali la uhifadhi. Tangu mwaka 1997 kumekuwa na programu iitwayo MAME ambayo huwezesha tarakilishi ya kawaida kuendesha michezo ya mashine hizo. Mwaka 2012 makumbusho ya sanaa za kisasa ya New York, MoMA, yalitangaza kuwa yameingiza michezo 14 katika hazina yake, Pac-Man ikiwemo. Ilipoonyeshwa mwaka uliofuata, ilionyeshwa bila makabati yake, viwambo vikiwa vimepachikwa ukutani. Kwa upande mwingine, makumbusho ya The Strong mjini Rochester, katika jimbo hilohilo la New York, huhifadhi mashine zenyewe, mbao na chuma. Kabati letu la karatasi liko katika ncha ya pili kabisa: lina paji, mbavu na tundu, lakini halichezeki. Programu ni roho isiyo na mwili. Karatasi ni mwili usio na roho. Kila mhifadhi huokoa sehemu. Jambo la busara ni kujua ni sehemu ipi iliyookolewa, na kumwambia anayepokea.

Nimelichukua jambo hili kwa uzito kwa sababu linanihusu. Tasnifu yangu ya uzamili inachunguza ngano, na miongoni mwa data yangu mna ngano alizonisimulia nyanya yangu karibu na Kitale mnamo Desemba 2019, kwa Kiswahili kilichochanganyika na Kibukusu. Nilizirekodi kwa rununu. Nyanya alitutoka mwaka 2021. Sauti yake ninayo, na kila neno nimelinakili. Katika ngano moja, wimbo uleule hurudiwa mara saba. Mikusanyo mingi iliyochapishwa huandika wimbo kama huo mara moja tu, kisha huongeza ndani ya mabano kwamba unarudiwa. Edward Steere alipochapisha hadithi za Zanzibar mwaka 1870, alituokolea maneno ambayo pengine yangepotea, nasi tunamshukuru. Lakini kurasa haziwezi kutuonyesha aliyekaa karibu na aliyekaa mbali, wala mikono ya wasikilizaji ilikuwa na kazi gani.

Mpwa wangu alisikiliza rekodi hiyo wakati gundi ya Donkey Kong ikikauka. Akauliza kwa nini nyanya anaimba wimbo mmoja kila mara. Nilikuwa na jibu la vitabuni tayari, kuhusu takriri na dhima zake. Kabla sijalitoa, niliisikia rekodi upya. Nyuma ya sauti ya nyanya mlikuwa na mvumo mwembamba wa punje zikianguka katika karai. Tulikuwa tukipukuchua mahindi. Nyanya alianzisha wimbo, sisi tukaitikia, na aliuendeleza hadi gunzi lililokuwa mkononi mwake lilipobaki tupu. Akilitupa, hadithi iliendelea. Akichukua hindi jingine, wimbo ulirudi. Marudio saba yalikuwa mahindi saba. Kazi ya mikono ndiyo iliyokuwa tundu la sarafu la ngano ile.

Kijana akasema, “Basi tumchoree nyanya kiolezo.” Alimaanisha jiko lake, ambalo limeshabomolewa. Tulikubaliana kila mita moja iwe sentimita nane, takriban kipimo kilekile cha makabati. Hapo ndipo kazi ilipoanza, kwa kuwa hakuna picha ya jiko hilo yenye kuonyesha kila upande. Nilimpigia simu mama, mama akawapigia ndugu zake, na kwa jioni tatu watu wazima walibishana kuhusu mlango. Je, ulitazama zizi au shamba? Mafiga yalikuwa kona ipi? Kigoda cha nyanya je? Mjomba wangu ndiye aliyeyamaliza mabishano. Nyanya, alisema, alikaa mlangoni daima, ubavu mmoja ndani na mwingine nje, ili mwanga wa mwisho wa jioni umwonyeshe mahindi yaliyooza. Sisi wadogo tulikaa ndani, karibu na moto. Kwa maneno mengine, fanani aliketi kwenye mwanga na hadhira ikaketi gizani. Katika rekodi, kila anapoigiza zimwi, sauti yake hufifia. Nilidhani ni hila ya usimulizi. Sasa ninaamini aligeuza uso kutazama nje, kuliko na giza linalokuja, na hiyo ni hila bora zaidi.

Maelezo hayo yote yameingia katika tasnifu. Kwa kila ngano nimeongeza ukurasa unaoeleza nani aliketi wapi, mikono ilifanya nini, hadhira iliitikia wapi na wimbo ulidumu kwa muda gani. Pia nimeweza kuieleza vyema kaida ya kufungulia ngano. Fanani asemapo “Paukwa!” nasi tukajibu “Pakawa!”, tunasimamisha kabati ambalo limewahi kubeba sungura, fisi na zimwi, na litabeba wengine. Kama makabati mekundu ya Radar Scope, lenyewe halichakai upesi. Tumbo hubadilishwa, paji hubadilishwa, na mchezo mpya huanza.

Najua wapo watakaosema kuwa mwanafunzi wa uzamili hana haki ya kuchezea wembe na gundi ilhali sura ya tatu ya tasnifu inamngoja. Wengine watauliza kwa nini tuhangaikie mashine za Wajapani na Wamarekani ilhali watoto wetu huunda magari ya waya na mipira ya matambara. Swali la pili lina uzito, na jibu langu ni kwamba mikono ni ileile. Mtoto anayeunda lori la waya huanza kwa kulisoma lori halisi barabarani: linakunjia wapi, gurudumu limeshikwa na nini, mzigo unalemea upande gani. Yeye ni mhakiki kabla hajawa fundi. Karatasi iliyochapishwa humwonyesha njia, lakini isipomfikisha mahali pa kuchora kiolezo chake mwenyewe itakuwa imemfunza utiifu tu. Mpwa wangu alianza na Pac-Man ya Namco, akaishia na jiko la Kitale. Hiyo ndiyo safari ninayoipendekeza.

Wasomi wenzangu, wengi wetu tutaenda nyanjani tukiwa na rununu zenye uwezo wa kunasa sauti safi kuliko mtafiti yeyote aliyetutangulia. Tunase. Lakini tukisha, tuombe pia kipande cha karatasi, tumsihi mwenyeji wetu atuchoree mahali pa mlango, pa moto na pa kigoda, na tuulize kila mtu alikuwa ameshika nini mkononi. Tuulize lilipo tundu la sarafu. Wazee wanaoweza kutujibu wanapungua, na sauti peke yake haitatuambia.